Muhtasari wa Kikao cha Dira, Pongwe

Tulifungua kwa sala saa nne na dakika ishirini.
Waliohudhuria thelathini na mmoja, wenye udhuru saba,
na vumbi la chokaa, ambalo halikualikwa,
limekaa benchi la mbele kama mgeni rasmi.

Mwalimu Shekalage, aliyeitwa toka Korogwe atuongoze,
alibandika ukutani karatasi pana kama shuka,
akaandika juu kwa wino wa buluu: MIAKA KUMI.
Akauliza, "Mnaona nini?"
Akanyamaza.
Daftari la vikao halina safu ya ukimya.
Niliruka mistari miwili.

Mzee mmoja akasema anaona paa,
bati jipya, la rangi. Wengi wakaguna kukubali.
Kwaya ikaona kinanda. Akina mama wakaona mashine ya kusaga.
Mtu fulani (simtaji, ni shemeji yangu)
akaona ukuta wenye vigae vya chupa juu.
Karatasi ikajaa kama bajeti ya harusi.

Ndipo zikaja zile sentensi:
Kuwa usharika wa mfano, unaojitegemea,
wenye ustawi jumuishi wa kiroho na kimwili...
Nimeziandika zote. Nina mwandiko mzuri,
ndiyo sababu ya ukatibu wangu.
Mkono uliuma. Moyo haukusikia kitu.

Mwalimu hakufuta. Alifunika kalamu,
akauliza swali la pili:
"Nani hayumo humu?"

Watoto wa Bibi Damari, wanne, wote Dar es Salaam.
Wakata mkonge waliokaa upande wa dirishani
mpaka shamba likafungwa;
mbao bado imelika pale walipoegemea.
Na msichana tuliyemtenga kwa mimba,
mwaka ambao huwa hatuutaji.
Mtu wa nyuma akalitamka jina: Foibe.
Mchungaji akatazama viatu vyake.
Niliandika Foibe. Likaonekana dogo mno kwenye ukurasa.

Titho Sebarua, wa bodaboda, aliyekaa mlangoni
kwa kuwa pikipiki yake haina kufuli,
akaomba kusema.
"Mwezi jana, saa tisa usiku,
nilimbeba mama mwenye uchungu toka kule machimboni.
Mvua. Tairi ikapasuka hapo nje, langoni petu.
Akaniuliza, jengo hili la nani?
Nikasema, la Mungu.
Akasema, mbona giza?"

Hakuna aliyechangia.
Mwalimu akabandua karatasi, akaigeuza.
Mgongo wake ulikuwa mweupe.

Mama Eliwaza, mhazini wetu,
aliyesema hapana kwa miaka sita, hata kwa mishumaa,
akasema: "Andika. Taa ya barazani iwake mpaka asubuhi,
na alale mtu hapa mwenye ufunguo."
Shemeji yangu akadakia, hiyo si dira, hiyo ni bili.
"Ndiyo," akajibu mama, "na nimeshaipigia hesabu."

Kura: ishirini na sita. Watano hawakunyoosha mkono.
Paa limeahirishwa. Ukuta umekufa.
Zamu za kulala: Titho Jumatatu, mengine yatapangwa.
Kuhusu Foibe, katibu atamtafuta.
Katibu ni mimi.
Sijui nitabisha hodi kwa maneno gani.

Mengineyo.
Kabla ya baraka, mita ya LUKU ikaanza kulia: umeme unakwisha.
Mama Eliwaza akatoa simu, akanunua kwa hela yake,
akasoma tarakimu ishirini, nne nne,
mtoto wa mchungaji akizibonyeza ukutani.
Sifuri saba tatu moja. Tano tano mbili nane.
Tulisimama, sijui nani alianza,
kama tunavyosimama kwa somo la Injili.

Kikao kilifungwa saa tisa kasoro robo,
jua likiwaka juu ya bati bovu,
taa ya barazani ikiwaka chini yake,
na hakuna aliyeizima.