Mali Nyingine

Shangazi Zeyana, Mungu amrehemu,
alitutaja sote wawili kwenye wasia:
Khelef, na mimi nimwogeshaye Khelef.
Paundi elfu kumi na tisa kila mmoja,
thamani ya nyumba yake ya Leicester
aliyoilipia kwa kushona zipu kiwandani
miaka thelathini na moja.

Barua ya wakili ilifika Jumatatu.
Ya ofisi ya ruzuku haikuchelewa.

Wana hesabu zao. Elfu sita wanakuachia.
Zikizidi, kwa kila mia mbili na hamsini
wanakata paundi moja kwa wiki.
Ukivuka elfu kumi na sita, mlango umefungwa.
"Nikimpa binamu?" niliuliza kwenye simu.
"Ukigawa ili upate ruzuku, tunahesabu bado unazo."
Basi hata nisichonacho, ninacho.

Laiti angeziweka amana, anasema wakili,
chini ya msimamizi, Khelef apewe kidogo kidogo.
Laiti.
Marehemu haandiki upya.

Kwa hiyo tunakula urithi:
kodi, umeme, pampasi za watu wazima,
gurudumu la kiti linalolia kama paka,
na kila risiti naihifadhi, wasije kusema nimefuja.

Khelef anauliza, shangazi katuachia nini?
Namwambia: miezi kadhaa, tukizima hita usiku.
Anacheka. Yeye hucheka kwa bega moja.

Fomu mpya inauliza: *Una mali nyingine?*
Nimevaa sweta lake. Mfukoni
mna uzi mweusi na zipu isiyofunga.
Naandika: hakuna.