Tisa Tano

Mita ya Pejo ya baba ina vyumba vitano.
Aliyeiunda, huko alikoiunda,
hakudhani kuna mtu wa Malindi
angeishi na pikapu moja miaka thelathini na minane,
akibeba chumvi ya Gongoni, mabati ya Mambrui,
magodoro ya maharusi, jeneza la shangazi Mwanasha.
Leo vyumba vinasoma 31406
na Shekuwe dalali anapapasa dashibodi
kama mtu aliyeokota kidani mchangani.

"Elfu thelathini na moja! Mwanamvua, hii ni mali.
Laki nne, na mnunuzi ashukuru.
Wewe usiseme neno. Mita ina mdomo wake."

Mita ina mdomo wake, naam,
ila umeng'oka meno mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa.
Tulitoka Gongoni usiku, chumvi nyuma, sisi juu ya chumvi,
baba akazima injini katikati ya daraja la Sabaki.
"Shukeni. Njooni muone."
Akamulika tochi: tisa, tisa, tisa, tisa, tisa,
zimejipanga kama wajomba kwenye mkeka wa posa.
Hakutaka injini ipate sifa ile.
Tukasukuma kwa mikono, mimi na Famau na Bikombo,
chini yetu mto mwekundu ukipita na udongo wa watu wa bara,
mpaka zote tano zikapinduka pamoja, polepole,
zikawa mayai.
Baba akacheka hadi akakaa barabarani.
"Imerudi kuwa mwari," akasema. "Mimi nani atanipindua?"

Mara ya pili sikuwapo. Nilikuwa nimeolewa Voi,
Famau yuko Doha, Bikombo yuko kaburini.
Nimeikuta juzi kwenye daftari lake la gari,
baina ya oili na bei ya plagi,
kwa penseli:
*Leo tena, karibu na Kakuyuni. Nimesimama.
Hapana wa kumwonyesha.*

Mombasa, asema Shekuwe, kuna vijana wenye kompyuta,
wanairudisha mita nyuma wewe ukinywa kahawa.
Sisi tuna dhambi gani? Hatukugusa kitu.
Ni kweli. Hii haikurudishwa.
Hii ilikwenda mbele hadi namba zikaisha.
Na uongo ukapata pa kukaa,
pasipo alama ya kidole cha mtu.

Mnunuzi ni Dama Ngowa wa Garashi, muuza maembe.
Hakutazama mita. Aliinama,
akashika raba ya klachi, imelika hadi chuma,
akanitazama.
Akangoja.

Nikasema: mbele ya hiyo namba tia mbili.
Shekuwe akakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa changu.
Nikatoa daftari.
Dama alilisoma lote, amekaa kwenye ubao wa nyuma,
kidole kikifuata mistari:
klachi tatu, giaboksi moja, springi mara nne.
Kisha akashusha. Laki mbili na sitini,
na daftari liwe lake.

Laki na arobaini zimekwenda kwa sentensi moja.
Sikuona ushujaa wowote. Tumbo liliniuma.
Paa la jikoni linavuja
na nilishalipigia hesabu.

Ule ukurasa wa penseli niliuchana.
Dama aliona. Hakupunguza kitu.

Sasa inaondoka, inakohoa vile vile,
inakwenda kuvuka daraja lile lile na mtu mwingine.
Nimehesabu nyuma ya risiti:
zimebaki elfu sitini na nane,
mia tano tisini na nne.
Nimemwandikia Dama namba yangu ya simu
juu ya kioo cha jua, kwa kalamu isiyofutika.
Nimemwambia: zikijipanga tisa tano,
hata iwe usiku, hata kama ni Garashi ndani,
zima injini.
Nipigie.
Nitakuja kusukuma.