Uzi Ukikatika

Nikizungusha ufunguo asubuhi
sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi,
Kijapani, taratibu, kama mhudumu wa benki.
Miaka saba sijui anasema nini.
Labda ananisalimia. Labda ananidai.
Mama akiwa siti ya mbele humjibu,
"Mwangaluka, mayu,"
kisha hufunga mkanda.

Lilifika kwa meli, limekwisha kutumika kwao
kilomita elfu tisini na moja,
na redio isiyoshika stesheni yetu hata moja,
mvumo tu, kama mvua inayokuja ziwani kutoka Ukerewe.
Kwenye kioo kuna stika ya maandishi yao.
Sijaibandua.
Hirizi ya mtu huiachi ovyo.

Tangu hapo ni Kirumba, mwaloni, alfajiri,
magunia manane ya dagaa ndani, mawili juu.
Mteja wa Nyegezi alisema gari hili
ukilichemsha utapata mchuzi.
Fundi Maduhu, pale Nyakato,
hufunua boneti kama anayechungulia ugali,
akafunika: "Halina ugonjwa hili. Lina umri."
Na spea? Ukiikosa Mabatini,
ukaikosa na Igoma,
ujue hukuuliza vizuri.

Binamu yangu Shilinde alinunua la Kijerumani,
lenye taa hata chini ya milango.
Likalala Usagara siku nne
likingoja kifaa cha ukubwa wa kidole gumba.
Nilimpita nimebeba wanakwaya tisa na ngoma yao.
Sikupiga honi.
Nilipunguza mwendo tu, aone.

Siku moja, tunapanda Bugando kwenye kliniki yake,
nikamsimulia Mama niliyoyasoma:
kwamba hawa Toyota hawakuanza na magari.
Walianza na mitambo ya kufuma nguo.
Mtoto wa seremala, kijijini,
aliwatazama wanawake wakifuma usiku hadi mgongo ukapinda,
na baada ya miaka akaunda mtambo
ambao uzi mmoja ukikatika
unasimama wenyewe.
Mwanawe ndiye aliyeyageukia magari.
Jina wakaligeuza kidogo
liandikike kwa michoro minane ya brashi,
maana kwao nane ni heri.

Nilidhani atacheka kuhusu nane.
Mama alifuma miaka ishirini na miwili
kiwanda cha nguo, zamu ya usiku,
pamba ya Magu na Kwimba ikipita mikononi mwake.
Akakaa kimya hadi geti la hospitali.

"Yetu haikusimama," akasema.
"Uzi ukikatika iliendelea,
inafuma pengo,
na pengo linakatwa kwenye mshahara wako.
Kwa hiyo unaingiza mkono ikiwa inakwenda."
Akakiinua kidole kifupi cha kushoto.
Maisha yangu yote nilijua ni panga.
Nani aliniambia panga?
"Mwisho wake kiwanda kizima kikasimama.
Hapo hakuna aliyekuja kuunga uzi."

Nikaegesha vibaya, mlinzi akanifokea.

Juzi, tunarudi Kisesa kwenye msiba, usiku,
taa nyekundu ikawaka, ile ya kibuyu.
Nikasema tutafika tu, hii Toyota.
"Simama," akasema Mama.
"Huko kote kuzuri unakokusifia
ni huku kusema kwake kwamba kuna kitu kimekatika.
Wewe unataka iwe kama yetu?"

Nikasimama. Mawe ya Mwanza meusi pembeni,
yamepandana bila saruji.
Akashuka na kanga yake begani,
akaweka kiganja juu ya boneti,
vidole vinne na nusu,
akakiacha hapo hadi chuma kikapoa.
Oili ilikuwa imeisha. Kosa langu.
Nilimimina lita moja kwa tochi ya simu.

Nikazungusha ufunguo.
Yule mwanamke akasema maneno yake.
"Ndiyo, mayu," Mama akamwambia.
"Huyu hasikii upesi. Lakini amesikia."