Irudishe Ikiwa Sifuri

Sanduku lilifika Jumatano. Kemi, theluji ya kwanza imeshalala.
Shokapu nne za manjano, springi nne nyeusi,
na karatasi ya Kijerumani inayodhani nina gereji.
Nina banda la kuni.
Nina taa ya kichwani, ya kuvulia samaki kwenye barafu,
na Volvo ya mwaka tisini na sita
inayonesanesa kama kitanda cha hospitali
kila niendapo Tervola kuosha vidonda vya wazee wa watu.

Jeki ninayo. Lakini jeki si wa kuaminiwa:
jeki hunyanyua, stendi ndiyo hubeba,
nami kichwa changu siweki rehani
kwa kipete cha mpira kinachozuia mafuta.
Nyundo ya kilo mbili. Brashi ya waya.
Soketi ya kumi na tano, ya kumi na nane;
ya kumi na saba ipo siku zote isipotakiwa.
Dawa ya kutu nikapuliza jioni,
nikapuliza usiku wa manane, nikapuliza kabla ya kahawa,
kutwa mara tatu, kama mgonjwa wangu yeyote.

Maana huku barabara hulishwa chumvi,
na chumvi haina msamaha.
Boliti ya chini kushoto ilikwisha kuoana na chuma chake,
ndoa ya miaka na miaka, haitaki kusikia talaka.
Nikaivika spana bomba la mita nzima,
nikalikalia.
Nina kilo tisini na sina aibu.
Ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia,
kisha ikakubali, robo, nusu,
nikacheka peke yangu, mvuke ukinitoka puani.

Ndipo springi.
Springi kuukuu bado ina hasira iliyokunjwa ndani;
ukiifungua hujaibana
itakutoa jicho na haitaomba radhi.
Kibana springi sina.
Spana ya kipimo, ile inayosema *tiki* nguvu ikitosha, sina.
Mwenye navyo mtaani ni mmoja,
Taisto, aliyekuwa mume wa dada yangu,
aliyejenga sauna kwa mikono yake kwenye kiwanja cha mama,
sauna niliyoiuza mimi
bila kumuuliza.

Nilisimama mlangoni pake, grisi hadi viwiko.
Nikasema, "Springi."
Akaitazama mikono. Uso hakuutazama.
Akatoka na visanduku viwili.
"Hiki, kaza zamu kwa zamu, huku na huku. Usisimame mbele yake."
Na cha pili:
"Hii irudishe ikiwa sifuri.
Usiilaze na mkazo ndani, itasahau kupima."
Akafunga mlango.

Saa tano usiku manjano zote nne ziko mahali pake.
Boliti za kwenye mipira nilizishika kwa vidole tu;
hizo hazikazwi gari likiwa hewani,
ukizikaza huko juu mpira hujifunza uongo.
Nikaishusha Volvo magurudumu juu ya mbao,
ikakaa, ikaujua uzito wake,
nikajiingiza chini yake juu ya kadibodi lililolowa.
Tiki.
Tiki.
Vidole sikuvisikia tena, mlio niliusikia.

Kabla ya zamu ya asubuhi nikazungusha kitako cha spana kinyume,
themanini, hamsini, ishirini,
nikaifuta kwa fulana safi.
Taisto akaipeleka dirishani, penye mwanga,
akavaa miwani, akasoma.
Muda mrefu, kwa namba moja.

"Inatembeaje?"
"Kama paka."
Akaufunga mkanda wa kisanduku.
"Nati za magurudumu hukazwa tena baada ya kilomita mia."
"Najua."
"Tervola, kwenda na kurudi, ni kama mia."
"Karibu na hapo."
"Basi," akasema, akikiweka kisanduku
si stoo, bali juu ya meza, kando ya birika,
"kipimo kitakuwa hapa."