Pete ya Kumi na Tatu

Sheria ya kwanza aliyonifundisha Ndetaramo
ilikuwa kubana pumzi.
"Mashine haikutofautishi na udongo," alisema.
"Ukiinama ukahema, tutaandika mapafu yako
tukidhani ni msitu."

Kwa hiyo kila Jumatatu, Rau,
chini ya mvule ambao watu wanne
wakishikana mikono hawaumalizi,
nafunika kopo jeupe juu ya pete ya plastiki,
narudi nyuma hatua nne, kule unakokwenda upepo,
nasubiri dakika tatu.

Mia nne ishirini.
Mia nne thelathini na tatu.
Mia nne hamsini.
Huko chini hakuna aliyelala:
kuvu inatafuna jani la mwaka juzi,
mizizi inahema na mzigo wake,
na hewa ukaa inapanda polepole
kama joto la jiko lililosahauliwa uani.

Alhamisi tunashuka Kahe, kwenye nyasi.
Pete sita ziko juani,
na ng'ombe hawana habari na utafiti;
ya nne wameshaikanyaga mara mbili.
Mbonea, mwenye mbuzi, alitutazama tangu saa tatu.
"Mnapima nini?"
"Pumzi ya ardhi."
Akahamisha kijiti kutoka shavu hili kwenda lile.
"Kwani inaumwa?"
Ndetaramo alicheka. Mimi niliandika
halijoto ya udongo, nyuzi thelathini na nane,
nikaiandika tena kwenye mstari usio wake.

Septemba namba zilikwama.
Tulibadilisha betri. Tukalaumu mpira,
tukaufunga kwa utepe mweusi wa fundi umeme.
Nyasi zilikuwa rangi ya mkeka uliochoka,
na udongo ulikuwa umejibana,
kama mimi.

Halafu Novemba ikaja mvua ya dakika kumi,
isiyotosha kujaza hata sufuria.
Harufu ilitangulia. Kisha namba ikaruka,
mara sita, mara saba ya wiki iliyopita,
nikapiga kelele juu ya kopo, "Imeamka!"
Ikabidi kipimo kile tukifute, turudie,
maana furaha yangu ilikuwa imeingia ndani yake.

Pete ya kumi na tatu haimo kwenye jedwali.
Iko Uru, kihambani kwetu, kati ya migomba miwili,
pale tulipomlaza baba mwezi wa Machi.
Wiki zake za mwisho, wodini, nilikuwa nikihesabu:
pumzi kumi na nane kwa dakika,
kumi na moja,
saba.

Nilikwenda na mashine jioni moja,
betri imebaki mstari mmoja.
Mia nne kumi na tisa.
Mia nne thelathini na nane.
Najua ni nini. Ni mizizi ya migomba,
ni samadi ya ng'ombe wa mama,
ni minyoo na shughuli zake.
Ndetaramo angesema hivyo, na asingekosea.

"Aikaruwa! Chakula kinapoa," mama aliita jikoni.
Mia nne sitini na mbili.
"Nakuja," nikasema,
kisha nikapiga magoti karibu na kopo,
karibu kabisa,
nikahema.