Muhuri wa Tarehe

Saa moja asubuhi, kabla malori hayajaanza kugombana kwa honi,
Nyakecho ananiwekea mezani uji wa mtama, bilauri ya maji,
vidonge vitatu kwenye kifuniko cha chupa ya asali,
na muhuri wangu wa zamani.

Miaka ishirini na sita nilikuwa wakala wa forodha hapa Malaba.
Nilijua lori la saruji kwa mlio, la mafuta kwa harufu,
na dereva mwongo kwa jinsi anavyokunja karatasi.
Foleni ikirudi nyuma mpaka kwenye mashamba ya mihogo,
nilijua pia: huko mbele, penye wembamba,
trela limelala ubavu.
Moja tu. Na barabara nzima imekufa.

Ndivyo daktari wa Tororo alivyonichorea kichwa changu,
kwa wino wa buluu, nyuma ya risiti:
"Mzee Owori, kiharusi ni hiki. Hapa damu iliganda, hapa hapapiti kitu."
Nikataka kumwambia kazi hiyo naijua.
Mdomo ulikuwa umehamia shavuni.
Yakatoka mate.

Nikajifunza upya: kijiko, kifungo, jina la mke.
Mwezi wa tano nilitembea mpaka kwa kinyozi bila fimbo.
Nikajitazama kiooni, pande zote mbili zimo.
Nikasema, nimepona;
na mtu aliyepona anameza dawa ya nini?
Hela ya vidonge ni hela ya sukari, ya madaftari ya Opendi.
Nikawa navificha chini ya ulimi, navitema mfukoni,
ndani ya koti la kazini lenye mifuko sita.

Wanasema aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo.
Mimi niliumwa, nikaenda kulala shimoni kwake.

Ekisa wa gereji, aliyeanguka mwaka mmoja nami,
naye alikuwa amepona. Alibeba injini. Alicheza harusini kwa bintiye.
Alipoacha dawa hakumwambia mtu, maana hakuna aliyemuuliza.
Kiharusi cha pili hakikubisha hodi.
Cha pili kilikuja na funguo.
Sasa mkewe anamgeuza kitandani kama chapati,
na jicho lake moja hufuata nzi darini.

Nilirudi kutoka kwake nikamkuta Nyakecho anafua koti.
Juu ya jiwe alikuwa amevipanga, vimelowa, vimevimba,
vingine vimeacha rangi ya waridi kwenye kitambaa:
arobaini na moja.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Aliendelea kusugua kola
mahali palipokuwa safi tangu zamani.

Kesho yake ndipo muhuri ulipotokea,
na kidau cha wino mwekundu, na kalenda ya chama cha akiba.
"Mizigo ya watu uliikagua kila siku," akasema.
"Huu hapa wako."

Kwa hiyo nameza. Cha presha, cha mafuta ya damu,
na kile cheupe kidogo, asprini, ili damu isishikane.
Nafungua mdomo, anakagua chini ya ulimi kama askari wa zamu.
Kisha kwa kidole gumba cha kushoto nageuza gurudumu la tarehe,
nagonga.
Wiki nyingine kituo cha afya hakina; Sista Apolot anasema rudi Alhamisi,
na Nyakecho anauza kuku
ili siku za katikati zisibaki nyeupe.

Hakuna aliyeniahidi kitu. Sista mwenyewe alisema:
dawa hupunguza hatari, haiifuti.
Nami mpakani sikuwahi kuona barabara iliyoahidi.
Niliona tu zile zinazopitika leo.

Na leo nimesahau kugeuza gurudumu.
Kalenda ina jana mbili, zimefuatana, nyekundu.
Nyakecho ameshika kiuno, anacheka mpaka anakaa chini:
"Owori, sasa leo umeiweka wapi?"
Nimemwonyesha ulimi.