Jana ya Kwenda

Jioni, shule ya msingi pale Pasiansi,
viti vya watoto, magoti yetu kifuani,
mwalimu Bwire anaandika go ubaoni
halafu anageuka: "Jana?"
Nikanyoosha mkono unaonuka sangara
(mchana nachuna minofu kiwandani Ilemela,
sabuni ya limau hufika mahali ikakata tamaa)
nikasema, "Goedi."

Darasa likaanguka kicheko.
Mwalimu hakucheka. Aliandika went,
akapuliza vumbi la chaki, akasema:
hili halikuzaliwa nyumba hii.
Lilikuwa la kitenzi kingine,
likaazimwa, halikurudishwa.

Wenti. Wenti. Nikalitazama vizuri.
Halina hata herufi moja ya go.
Mtu anakwenda leo na sura yake,
ukimtafuta jana
unakuta mgeni amekalia kiti chake.

Kazi ya nyumbani: maneno kumi ya maana hiyo,
kila neno na sentensi yake.

Nami ninaye mmoja tu wa kumtungia sentensi.
Budeba aliondoka: hiyo ya majirani, ina adabu.
Budeba alisafiri: hiyo ya watoto,
maana safari ina kurudi ndani yake.
Budeba alielekea Geita: hiyo ya balozi wa nyumba kumi
aliyeuliza akiwa ameshika daftari.
Budeba alikwenda zake.
Hapo kalamu ilisimama.
Hizo "zake" ni zipi?
Alibeba sururu, redio,
na shati nililolilipia kwa awamu mbili.
Alitokomea. Nikafuta. Nikaandika tena.

Kipindi kilichofuata ilikuwa matumizi.
Kumbe kwa Kiingereza kila kitu huenda:
maziwa yalikwenda mabaya,
taa ilikwenda, simu ilikwenda kimya,
mzee mmoja alikwenda kipofu.
Neno moja, kama kandambili ya mlangoni
anayoivaa kila mwenye haja ya kutoka.
Kwangu maziwa yalichacha,
umeme ulikatika,
simu ilizimika,
na kila kimoja kiliuma kwa jina lake.

Tena simu. Mwaka ule
mama mkwe, Kwandu, alipiga kutoka Misungwi.
Kiswahili chake na Kisukuma hupikwa sufuria moja.
"Budeba amekuja," akasema, salio likaisha.
Nikaoga. Nikanunua sato mzima,
nikakopa mchele, nikafungua mlango.
Ulikaa wazi mpaka saa sita za usiku,
wadudu wa ziwa wakajaa kwenye taa,
wakadondoka mmoja mmoja juu ya wali.
Mimi Mkerewe, nilikuwa nimesahau:
kwa Kisukuma, kuja ndiyo kwenda.
Alikuwa amepita kwake kuaga.

Nikamuuliza mwalimu, je, chetu hakijavunjika?
Alienda, alikwenda:
ile ku imeng'ang'ania nini,
kama tope la Mwaloni kwenye kisigino?
Alikuna kidevu, akaacha chaki nyeupe.
"Chetu," akasema, "kimevunjika kwingine.
Mwamuru mtu aende."
Nenda, tukasema.
"Hiyo n imetoka wapi? Sasa mwamuru aje."
Njoo.
"Ja iko wapi humo?"

Hakuna aliyejibu.
Nje, pikipiki ilikataa kuwaka mara tatu.
Nikafikiri: wenzetu lugha yao iliteguka jana,
yetu imeteguka mdomoni,
pale pale unapomwita mtu.

Daftari lilirudi na tisa chini ya kumi.
Sentensi ya kumi imezungushiwa wino mwekundu,
pembeni: "Hii si wakati uliopita."
Ni kweli, mwalimu. Najua.
Niliandika: Budeba, njoo.